Sabuni Yenye Alama ya Ndiva

Siku hizi kila sabuni ina jani. Nenda dukani hapo Same mjini uangalie rafu: ya kufulia ina jani la kijani, ya kuogea ina jani na tone la maji, ya vyombo ina jani, tone na kijito kizima. Juzi msichana wa duka aliniona nikigeuzageuza pakiti moja, akadhani sijui kusoma. "Bibi, hiyo ni rafiki wa mazingira," akanieleza kwa upole. Nikamuuliza, "Na maji waliyotengenezea wameyamwaga wapi?" Akacheka. Alidhani ni utani wa kizee. Mimi sikuwa natania, na niliudhika mpaka nikasahau mwavuli wangu pale kaunta.

Sina ugomvi na wenye viwanda. Huenda wanasema kweli. Lakini na mimi niliwahi kuwa mtu wa sabuni. Nilikuwa katibu wa kikundi cha sabuni, na sabuni yetu nayo ilikuwa na picha nzuri juu yake.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita na Uganda, ambapo dukani kulibaki rafu na mwenye duka. Walioishi wakati ule watakumbuka. Duka la kijiji chetu huko juu, upande wa Bombo, lilipokea sabuni mara moja tu baada ya muda mrefu, na mche mmoja ulikatwa vipande vinne mbele ya macho ya watu ili kusiwe na maneno. Tulifua kwa majani na kwa mchanga. Mtoto akijikojolea, mama alikuwa mkali kwa kosa ambalo si la mtoto. Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko tambarare, akija nyumbani mwisho wa mwezi akipata lifti, na mara mbili alikuja na kipande cha sabuni mfukoni, kimefungwa kwenye leso kama dhahabu. Nilifurahia kipande kile kuliko nilivyomfurahia yeye, na alijua.

Aliyeanzisha sabuni alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Aliolewa hapo hapo kijijini, ng'ambo ya bonde, kwa mzee wa kanisa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na akisema jambo huwa limeshaamuliwa. Alikuwa amejifunza kwa bibi mmoja jinsi ya kuchuja majivu: unatoboa debe chini, unalijaza majivu ya migomba mikavu, unamimina maji juu, unangoja. Maji yanayotoka chini ni ya rangi ya chai na yanachoma ngozi. Ukitia yai likaelea, yako tayari. Unayachemsha na mafuta ya ng'ombe, unakoroga hadi mkono uombe kukatwa, na unapata kitu kama uji mzito wa kahawia. Hiyo ndiyo sabuni. Tuliiweka kwenye makopo na kwenye magome ya mgomba. Ilinuka supu. Ukifulia shuka, mbwa wa jirani anakuja kukaa chini ya kamba. Tukaongeza mchaichai, ikanuka supu yenye mchaichai. Lakini ilitoa uchafu, na wanawake wa Myamba walikuwa wakitembea siku nzima kuja kuichukua.

Tulikuwa wanawake kumi na watano. Wifi alikuwa mwenyekiti, mimi katibu kwa sababu nilimaliza darasa la nane na mwandiko wangu unasomeka. Banda letu tulilijenga kando ya mfereji, kwa kuwa sabuni inataka maji mengi. Hapa lazima nieleze mfereji wenyewe, maana mambo yote yalipitia humo.

Kwetu mlimani maji ya kumwagilia yanakusanywa kwenye ndiva. Ni bwawa la kuchimbwa, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo, na chini lina tundu moja linalozibwa kwa gogo na majani. Jioni mzee anayetunza ndiva anageuza maji ya kijito yaingie mferejini, yanajaza ndiva usiku kucha. Asubuhi anazibua, na nyumba yenye zamu siku ile inamwagilia shamba lake hadi ndiva ikauke. Zamu ya nyumba yetu ilirudi kila baada ya siku kumi na mbili. Ukuta ukibomoka inapigwa mbiu ya msaragambo, na kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe, awe Mlutheri, awe Mkatoliki, awe mlevi. Na mchana, kwa kuwa maji yanaachiwa mashamba ya juu, mfereji wa kwetu ulikuwa mkavu. Ulikuwa mtaro mtupu wenye mawe. Watoto walikimbilia humo, kuku walijipaka vumbi humo.

Kosa letu lilianzia hapo, na mtu wa mjini asingeweza kulifanya. Mtu wa mjini akiona mfereji anaona mfereji. Sisi tuliozaliwa pale tulijua saa zake, kwa hiyo mchana hatukuuona kabisa.

Basi akaja afisa biashara wa wilaya. Alikuja kuhesabu mifuko ya mbegu, akanawa mikono kwa sabuni yetu, akainuka pale alipoinama kama mtu aliyeitwa. Alikuwa kijana mwenye suruali yenye mkunjo uliosimama, sijui alikuwa anaipigaje pasi. "Ndugu zangu," alisema, "hiki ni kiwanda kidogo, ila hamjajua tu." Akatuambia kuwa wilaya inatafuta vikundi kama chetu. Tukipata kibali, tutapewa mafuta kutoka machinjio ya Same kila juma, mapipa, na nafasi kwenye lori. Tatizo lilikuwa moja. Sabuni ya uji haiwezi kupangwa dukani, na watu wa tambarare hawaiamini. Wanataka mche. Unaokatika, unaogonga meza.

"Tieni chumvi," akasema. "Ikichemka, mnamwaga chumvi, sabuni inapanda juu, uchafu unabaki chini. Nitawaletea magunia." Na kweli aliyaleta, chumvi ya mawe, katika mwaka ambao wengine walikuwa wakila mboga bila chumvi. Tena akataka sabuni iwe na alama. Wifi akafikiri kidogo tu, akachora kwa kijiti mavumbini: duara, na mstari mfupi chini yake. Ndiva na tundu lake. Afisa akapiga makofi. "Maji ya mlimani! Hii itauzika yenyewe." Fundi seremala akatuchongea muhuri wa mti.

Nikiri hapa, kwa sababu bila kukiri sitaeleweka. Nilikitaka kile kibali kuliko mtu yeyote, nadhani hata kuliko wifi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, watoto watatu, na mwandiko mzuri ambao haukuwa na la kuandika zaidi ya majina ya waliohudhuria. Nilijiona katibu wa kiwanda. Nilijiona nina meza. Nilifanya mazoezi ya sahihi yangu kwenye majani ya mgomba kwa mwiba.

Chumvi ilifanya kazi kama alivyosema. Sabuni ilijikusanya juu kama maziwa yaliyoganda, tukaichota, tukaikandamiza kwenye sanduku la mbao, tukaikata kwa waya, tukapiga muhuri. Ilipendeza. Chini ya sufuria yalibaki maji meusi, ya chumvi na ya majivu, yanayowasha. Tuliyamwaga mtaroni. Hakuna aliyekaa akaamua. Mtaro ulikuwa hatua nne kutoka mlangoni, mkavu, na maji yale yalinywewa na mchanga mara moja, hata hayakutiririka.

Baada ya siku chache mbuzi walianza kuja. Mbuzi wa kijiji kizima waliingia mtaroni wakalamba mawe. Tuliwacheka. Mmoja wetu alisema hata mbuzi wamesikia habari za kibali. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na sikujiuliza mbuzi analamba nini.

Nilikuja kujua nilipopita shamba la jirani yetu, mama mmoja mjane, ambalo ndilo la kwanza chini ya ndiva. Alikuwa amemwagilia siku tatu kabla. Maharage yake yalikuwa na majani yaliyokauka pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Alikuwa amesimama katikati yake, mikono kiunoni. "Ni jua," akaniambia. Wengine walisema ni wadudu. Wengine, kwa sauti ya chini, walianza kutaja majina ya watu. Nikatazama ardhi kwenye vijaruba vyake. Kulikuwa na utando mweupe, mwembamba.

Sikumwambia kitu. Nilipanda hadi bandani, nikahakikisha hakuna mtu, nikaingia mtaroni, nikaokota jiwe na kulilamba kama mbuzi. Chumvi. Nikakaa chini humo humo. Shamba la mama mkwe wangu lilikuwa linafuata kwa zamu keshokutwa. Mume wangu mshahara wake ulikuwa wa karani. Shamba lile la maharage ndilo lililotulisha mimi, wanangu watatu na yeye mwenyewe mama, kuanzia kiangazi mpaka mvua za vuli. Kwetu ukikosa maharage umekosa makande, na ukikosa makande hujui umekula nini.

Nilimfuata wifi kesho yake asubuhi. Alikuwa anakoroga, jasho linamtoka, khanga kiunoni. Siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kupika. Lori la wilaya lilikuwa linakuja kesho yake kuchukua sabuni, na afisa angekuja na karatasi ya kibali. Kulikuwa na sufuria sita motoni. Hatukuwahi kupika nyingi hivyo.

"Wifi, yale maji yanaingia ndivani," nikasema.

"Maji gani?"

"Ya chumvi. Tunayomwaga. Jioni mfereji ukija unayasomba yote. Maharage ya jirani yameungua."

Hakuacha kukoroga. "Maharage ya jirani yanaungua kila mwaka. Hapalilii."

"Nimelamba mawe, wifi."

Hapo akanitazama. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka. Nikaona amejua. Sijui tangu lini, lakini hakushtuka, na mtu asiposhtuka amejua. "Baada ya lori tutachimba shimo," akasema polepole. "Shimo zuri, mbali, tutaita hata msaragambo. Siku moja tu, wifi yangu. Unataka nimwambie afisa arudi na lori tupu kwa sababu ya jani la maharage?"

"Kesho ni zamu ya mama."

"Najua ni zamu ya mama. Ni mama yangu kabla hajawa mkwe wako."

"Basi leo tuyabebe. Tuyapeleke korongoni."

"Sawa," akasema. "Leo tutayabeba."

Na tuliyabeba, nataka hilo lijulikane. Sufuria mbili za kwanza tulizibeba kwa madebe hadi korongoni, kupanda na kushuka, maji yanachuruzika miguuni na kuchoma. Mwenzetu mmoja aliteleza akaungua paja. Ya tatu tukaiacha ipoe. Kisha jua likaanza kushuka, sabuni ya sufuria ya nne ilikuwa bado haijakatwa, muhuri haujapigwa, madebe yanahitajika kwa kazi nyingine, na tulikuwa watu waliochoka. Hakuna aliyesema tuyamwage mtaroni. Wifi alikuwa amenipa mgongo, anapiga muhuri, tap, tap, tap. Niliinua sufuria ya tatu na mwenzangu tukaimwaga mtaroni. Halafu ya nne. Ya tano na ya sita nilimwaga mwenyewe, kwa kata, nikitazama pembeni kama mtu anayefanya haja.

Nilijiambia ndiva ni kubwa. Nilijiambia tumebeba mbili, na mbili ni afadhali. Nilipokuwa naosha mikono nilisikia maji yanakuja juu mferejini, yale ya jioni, yanasukuma majani makavu mbele yake. Yalipita mlangoni kwetu yakiwa masafi. Nilirudi nyumbani, nikalala.

Asubuhi tulikwenda ndivani, mama mkwe mbele na jembe begani, mimi nyuma yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, asiyependa maneno mengi, na aliipenda siku ya zamu kuliko Krismasi. Alikuwa amevaa blauzi safi. Mzee wa ndiva alikuwa ameshashuka kwenye tundu. Kulikuwa na watu kama kumi, wenye mashamba ya jirani waliokuja kuangalia kuta za mifereji yao, na wifi naye alikuja, amejitanda khanga mpya kwa ajili ya afisa. Akaniamkia kwa macho tu. Ndiva ilikuwa imejaa pomoni. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya mbingu, hayana kosa lolote usoni.

"Shikamoo, baba," mama mkwe alimwamkia mzee.

"Marahaba. Maji yako hayo, mama. Leo yamekuja mengi."

Mbali, chini kwenye kona za barabara, tukasikia lori linapanda. Wifi akageuza shingo. Mzee akashika gogo kwa mikono miwili, akaanza kulitikisa kulia na kushoto jinsi linavyolegezwa.

Sikujiandaa kusema. Nilikuwa nimekata shauri kunyamaza. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Kisha nikamwona mama mkwe anavua viatu vyake, anaviweka juu ya jiwe pamoja, vizuri, aingie shambani miguu mitupu. Nikasema, "Baba, usizibue."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Mzee akaacha.

"Maji yana chumvi," nikasema. "Na majivu. Ya sabuni. Tumeyamwaga mferejini, jana tumemwaga mengi."

Mzee akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena. "Mimi sisikii kitu," akasema. Lakini mzee yule alitafuna ugoro miaka arobaini, angeonja dizeli asisikie. Akamtazama wifi, kwa kuwa wifi ndiye mwenyekiti. Wifi akainama ukingoni kwa madaha, khanga yake isiloe, akachota, akanywa. Alikunywa kweli, akameza.

"Maji matamu," akasema. "Mke wa ndugu yangu amechoka. Tumefanya kazi sana."

Nilimchukia sana dakika ile. Nimemsamehe mengi baadaye, na yeye kanisamehe, lakini dakika ile haijaondoka.

Mama mkwe hakuonja. Alikuja akasimama mbele yangu, peku. "Nani alimwaga?"

"Mimi, mama."

"Wewe peke yako?"

Wifi alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Lori lilikuwa limefika kona ya kanisa, tulisikia likibadilisha gia. Ningeweza kusema ilikuwa kazi ya kikundi, na ingekuwa kweli. Nilingoja aseme yeye. Hakusema.

"Jana jioni nilimwaga mimi," nikajibu.

Kisha akamgeukia mzee. Kwa desturi yetu maji ni ya mwenye zamu tangu jua linapochomoza, na hata mzee hana la kusema juu yake. "Yaelekeze korongoni," akasema.

"Mama, yote?"

"Yote."

Wakamsihi. Wifi alimsihi kwa Kipare, akamshika mkono, akamwita mama yangu, mama yangu. Yeye akavaa viatu vyake. Mzee akafunga mlango wa mfereji wa mashamba kwa mawe na magome, akafungua upande wa korongo, akavuta gogo. Maji ya usiku mzima, katikati ya kiangazi, yalitoka kwa kishindo yakashukia kwenye miamba ambako hakuna mtu aliyepanda hata mchicha. Yalichukua muda mrefu kwisha. Tulisimama tukayaangalia yakitoka.

Halafu mzee, kwa aibu, akasema lililobaki. Sheria ya ndiva ni ya zamani kuliko kijiji cha ujamaa na kuliko kanisa: nyumba iliyochafua maji inapoteza zamu yake inayofuata. Na nyumba iliyokiri ilikuwa moja tu, ya mama mkwe wangu, ambamo nililala mimi. Nyumba ya wifi ng'ambo ya bonde haikutajwa. "Ni sawa," mama mkwe akasema, akabeba jembe lake ambalo halikugusa udongo.

Hesabu ilikuwa rahisi, kila mtu pale aliifanya kimoyomoyo. Siku kumi na mbili, zamu imekwenda. Nyingine kumi na mbili ndipo maji. Maharage yetu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

Afisa alipakia sabuni. Alisikia habari, akatikisa kichwa, akasema ni mambo ya kurekebisha, maana maji machafu hayakuwa sehemu ya karatasi yake. Lakini wenye mashamba hawakungoja karatasi. Jumapili ile, baada ya ibada, kikao cha kijiji kiliamua kuwa chumvi isiingie tena bandani, na banda lihamishwe mbali na mfereji. Bila chumvi hakuna mche, bila mche hakuna kibali. Afisa alirudi mara moja, akatazama uji wetu wa kahawia kwenye makopo, akasema atatuandikia. Ninamngoja mpaka leo.

Wifi hakusema nami kiangazi kizima. Ila alihamisha banda, na kwa mikono yake. Lilipanda juu kwenye ardhi kavu, na kila tone la maji ya kazi tulilibeba kichwani. Alitukataza kutumia hata majani mapya ya kufungia. Mteja alirudisha kopo au hakupata sabuni, awe nani awaye. Majivu yaliyokwisha chujwa tuliyajaribu kwanza kama mbolea kwenye kitalu kimoja cha mboga chetu wenyewe, na hatukuyapeleka kwa mtu mpaka tuone kitalu kinasemaje. Kwa ukali wake ule ule wa kwaya alitufanya kikundi safi kuliko vyote wilayani, na wala hatukuwa na muhuri wa kujitangaza. Watu wa Myamba waliendelea kuja na makopo yao. Tulidumu hivyo mpaka sabuni za dukani ziliporudi, kisha tukafa taratibu, kama vikundi vingine.

Maharage yetu yalikufa haraka zaidi. Maua yalidondoka kabla ya zamu iliyochukuliwa, na zamu ya pili ilipofika tulimwagilia vijiti. Tulikula mahindi. Mahindi ya kuchemsha, mahindi ya kukaanga, ugali na majani ya kunde tuliyoomba. Mwanangu wa kati alikuwa anauliza kila jioni, "Makande ni lini?" na mama mkwe anamjibu, "Mvua ikija." Hakunilaumu hata siku moja mbele ya watoto, wala kwa mume wangu aliporudi. Nilitamani anilaumu. Nilikuwa nafanya kazi kama punda ili apate la kunisifu au la kunikemea, nikakosa yote mawili.

Halafu siku moja yule jirani mjane akaja na kikapu. Maharage yake, yale yaliyoungua pembeni, yalikuwa yamepona. Alimwagilia mara mbili zaidi kwa maji safi, yakachipua upya, yakazaa. Si sana, lakini yalizaa. Alikuja kumshukuru mama mkwe kwa kumwaga maji yale, maana mfereji wa maji yale unapita shambani kwake kwanza, na hofu ilikuwa imemwishia. Akaacha kikapu, akaenda zake kwa furaha, hajui ameacha nini.

Nilibaki jikoni nikichambua maharage yale kwenye ungo. Yalipona. Pengine na yetu yangepona. Pengine ningenyamaza tu, majani yakaungua pembeni, na wanangu wangekula. Sikuweza kustahimili tena.

"Mama," nikasema, "labda sikupaswa kusema."

Alikuwa anachochea moto.

"Ulipaswa," akasema. "Ila ndiva ilikuwa imeshajaa. Ungesema jioni, mzee angegeuza maji yasiingie, tungefagia mfereji kwa siku moja, tungemwagilia kesho yake. Hakuna nyumba ambayo ingeadhibiwa."

Akaweka kuni nyingine.

"Jioni ile nilikungoja tule pamoja. Nikakuuliza, mmeshindaje huko bandani? Ukaniambia, salama, mama. Ukanimiminia maji, nikanawa."

Nilichambua maharage hadi yakaisha, nikayachambua tena.